Mbunge alikuja kuona uharibifu wa tornado shambani kwetu, mimi nikawa nimeshausafisha wote

Wakuu, salamu kwenu mliopo nyumbani na ninyi mliotawanyika kama sisi.

Humu ndani nasoma sana, naandika mara chache, maana kuandika kunanichosha vidole. Leo naandika. Yote nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya mwenyewe kwa kichwa changu kigumu. Anayetaka kubisha abishe, ila ajue anabishana na mwenye tukio.

Naishi Birmingham, mitaa ya Saltley. Shule niliishia darasa la nne, huko Singida. Nilivyofika huku nimebeba maboksi kwenye maghala ya Nechells, nimeosha magari kwenye baridi, leo nina gereji yangu ndogo na vijana wananiita boss. Sikupewa na mtu. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako nina haki nako.

Sasa, pamoja na gereji, nina shamba.

Tuko kikundi cha watu wa Afrika Mashariki, tumekodi kipande cha ardhi nje ya mji, mbali kidogo ukishaiacha motorway. Tunalima mchicha, kunde, sukuma, na ile mboga sisi tunaita mnavu, Wakenya wanaita managu. Kwa hali ya hewa ya huku mboga hizo zinataka kufunikwa, kwa hiyo tunalima ndani ya mahema marefu ya plastiki yaliyoshikiliwa na mabomba ya chuma yaliyopindwa.

Ukiwa ndani kuna joto zuri kama Dodoma. Ila nje huoni. Plastiki inafanya ukungu, na mvua ikipiga juu yake husikii hata mtu akikuita kwa jina la baba yako.

Mwenzetu mmoja ni Mama Akinyi, Mkenya wa Kisumu. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, kuwaogesha, kuwanyanyua, kuwalisha. Siku zake za off yuko shambani. Mboga zetu zilizokuwa zinafika kwenye maduka ya Alum Rock Road, nyingi zilipita mikononi mwake.

Siku ya tukio, simu zetu zilipata onyo la upepo tangu asubuhi, lile la njano. Mliopo huku mnalijua. Linakuja kila mara, linafunika mkoa mzima, na ukitoka nje unakuta ni kofia tu zinaruka.

Mchana nilikuwa getini napakia mboga kwenye van. Upande wa magharibi kulikuwa na wingu jeusi, chini yake kama kijani. Halafu likashusha kitu kama mkia.

Singida tulipokuwa wadogo tulivikimbilia visulisuli vya vumbi, tunaingia katikati huku tunacheka. Kwa hiyo mwanzoni nilitabasamu, wakuu. Niliona kama nimekutana na jamaa wa zamani.

Kisha nikaona mabati yanazunguka juu kabisa, mepesi kama karatasi. Tabasamu likaisha.

Mama Akinyi alikuwa ndani ya hema la mwisho, anachuma managu. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Hakusikia. Nikaanza kukimbia, na mimi si mtu wa kukimbia tena.

Sikufika. Hema liling'olewa mzimamzima, likapaa, likajikunja, likashuka. Bomba la chuma lilimpiga begani na kwenye mkono. Nilimkuta chini ya plastiki, ameshika beseni la mboga kwa mkono uliobaki mzima. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mzee, ni gari imetugonga?"

Hakujua. Mpaka tunamfikisha hospitali alikuwa hajui ni kitu gani kilimpiga.

(Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "tornado Uingereza, mzee umechanganyikiwa." Ndugu, zipo. Ni ndogo, zinapita haraka, nyingi zinaishia mashambani ambako hakuna wa kupiga picha. Ndiyo maana hujazisikia.)

Mkono wake ulivunjika mahali pabaya, ukawekwa chuma. Kazi ya kunyanyua wazee ikasimama. Lakini kilichotuumiza zaidi ni pale alipotuambia kwamba shambani harudi. Alisema hataingia tena mahali ambapo mbingu zinaweza kumjia bila kupiga hodi. Wengine kwenye kikundi wakaanza na wao kutafuta sababu. Huyu mgongo, yule shift za usiku. Nilielewa. Shamba lilikuwa linakufa.

Baada ya siku chache akaja mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu, anayejitolea kukagua njia ambazo tornado zimepita. Huyo ndiye alinifungua macho.

Alisema rada za watu wa hali ya hewa ziko mbali. Mionzi yake inaenda imenyooka, dunia nayo imejipinda, kwa hiyo ikifika kwenye mabonde kama letu inapita juu. Inaona wingu. Haiuoni mkia. Mjini kuna watu na kamera kila kona, vijijini hakuna jicho. Kungekuwa na kamera kwenye mapaa ya maghala na minara ya makanisa, zikiangalia upeo wa macho, mtu aliyekaa ofisini angeuona mkia unaning'inia, akatuma ujumbe kwenye simu za bonde hilo tu, si mkoa mzima.

Nikamuuliza tungepata muda gani. Akasema dakika chache, pengine.

Dakika chache, wakuu. Zinamtosha mtu kutoka kwenye plastiki na kuingia kwenye jengo la matofali.

Alisema yeye na wenzake wamepigia kelele jambo hilo muda mrefu. Linahitaji wanasiasa. Wakulima hawapendi kamera, ofisi zinasukumiana, na bila mbunge wa kulibeba halisogei.

Nikasema mbunge tutampata.

Nilikwenda kwa Harjit. Huyu ni Singasinga, kazaliwa Nakuru, ana duka la vifaa vya ujenzi, mabomba yangu yote nanunua kwake. Kiswahili chake kinanishinda hata mimi akianza kutukana. Nilimwambia twende kwa mbunge wetu wa hapa mjini, ana asili ya kwetu, atatusikiliza.

Harjit akacheka. "Mzee, hapa hakuna mtu wenu na mtu wetu. Shamba liko wapi? Basi mbunge ni wa huko. Huyu wa hapa atakupa chai na pole, basi."

Akanieleza kwamba kule mashambani mimi sina kura, nina mchicha tu. Hata hivyo aliandika barua kwa jina la kikundi. Ofisi ya mbunge wa kule, mama mmoja, ikajibu kwamba atakuja Ijumaa, atakaa dakika ishirini, anataka kuona tornado ilifanya nini.

Hapo sasa ndipo nilipoharibu.

Ninyi mnajua kwetu mgeni rasmi anapokelewaje. Akitangazwa waziri, hata barabara iliyokufa inafufuka, mawe yanapakwa chokaa, watoto wanakata nyasi. Mgeni hapokelewi kwenye takataka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mbunge ni mbunge hata akiwa Mzungu.

Niliita kikundi chote, nikawafanyisha kazi wiki nzima. Plastiki iliyochanika tukaichoma. Mabomba yaliyopinda tukayapeleka kwa wa vyuma chakavu. Nikaleta mabomba mapya, tukasimamisha hema jipya palepale, linang'aa. Njia tukaimwagia kokoto. Viti tukavivisha vitambaa, meza kuu ikapata maua.

Na risala tukaandaa. Mimi nilisema, Harjit aliandika. Ilianza kwa kumshukuru Mungu, ikamshukuru Mfalme, ikaishukuru serikali, ikaeleza historia ya kikundi tangu kuanzishwa. Tornado ilikuwa ukurasa wa tano.

Mama Akinyi nilimwomba aje, maana bila yeye tungekuwa tunasimulia hewa. Lakini nilimwambia ajifunike kitenge begani, ule mkono wenye vyuma usionekane mezani wakati wa chakula. Nilidhani ni heshima kwake na kwa mgeni. Alinitazama kwa muda, akajifunika, akaenda kukaa kiti cha nyuma.

Mgeni akafika na msaidizi wake mmoja. Viatu vya shambani, koti la mvua, hana makuu. Akapewa kiti cha katikati. Harjit akaanza kusoma. Mama wa watu alivumilia, akatikisa kichwa, akatabasamu kwenye shukrani kwa Mfalme. Msaidizi aliangalia saa.

Kabla hatujafika ukurasa wa tano, mbunge akaomba samahani kwa upole. Aliongea Kiingereza, mimi naweka kwa Kiswahili: "Ni pahali pazuri sana hapa. Nafurahi mmeinuka haraka hivi. Mnaweza kunionyesha tornado ilifanya nini?"

Wakuu, Harjit akashusha karatasi zake.

Niligeuka kuangalia shamba langu. Kila kitu kimesimama wima. Nikanyoosha kidole kwenye hema jipya, nikasema, hilo hapo, liling'oka lote.

Akaliangalia. Lilikuwa zuri kuliko gari lake.

Mtaniuliza kama picha hatukupiga. Tulipiga. Harjit alimwonyesha kwenye simu, ila picha ya plastiki iliyochanika ni plastiki iliyochanika, upepo wowote unafanya hivyo. Niliona usoni mwake kwamba ametuonea huruma, na kwamba huruma hiyo itaishia kwenye gari. Msaidizi alishaanza kufunga zipu ya koti.

Mama Akinyi akasimama.

Akakitoa kile kitenge, akakiacha kwenye kiti. Mkono ukaonekana wote, mshono kuanzia begani kwenda chini, vidole bado vimevimba. Akapita mbele ya meza kuu bila kuomba nafasi kwa mtu, akamwambia mgeni kwa Kiingereza, Madam, njoo na mimi.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama Akinyi, kaa. Mgeni hajala bado."

"Atakula. Aone kwanza."

"Unampeleka wapi?"

"Kwa Geoff. Kwa Geoff hamkufagia."

Geoff ni jirani yetu, mfugaji wa ng'ombe, ng'ambo ya ua wa miti. Tornado ilipita kwake kwanza, ndipo ikaja kwetu. Paa la banda lake ndilo nililoliona likizunguka angani. Na yeye hakuwa amegusa kitu, kwa sababu watu wa bima walimwambia aache vyote vilivyo mpaka wamalize.

Mnajiuliza kwa nini mimi sikufikiria kumpeleka mgeni huko. Nilifikiria. Sikutaka. Mgeni alikuwa wangu, mimi ndiye niliyemwita, halafu akanywe chai kwa Geoff? Geoff na mimi tulikuwa watu wa kupungiana mkono kwa mbali. Aliwahi kulalamika van zetu zinachimba njia, nikamjibu vibaya.

Tulipita kwenye upenyo wa ua tukiwa mstari, mbunge nyuma ya Mama Akinyi, mimi na suti yangu nyuma kabisa kwenye matope.

Banda la Geoff lilikuwa limebaki kuta. Ndani unaona mawingu. Lakini kilichomsimamisha mbunge ni mti, mwaloni mkubwa sana wa zamani. Bati lilikuwa limejiviringisha kwenye shina lake kama leso kiunoni, limebana mpaka limezama kwenye gome. Hakuna mwanadamu anayeweza kukunja bati namna ile.

Mbunge alishika mdomo. Akauliza, siku hiyo ulikuwa wapi wewe?

Mama Akinyi akamwambia. Hakupamba. Alisema nilikuwa nachuma mboga, nilisikia mvua, halafu nikawa chini. Akasema, "Sikuombi uzuie upepo. Nataka tu mtu aniambie toka."

Geoff alikuwa ametoka, kavaa mabuti, anasikiliza. Hakuwa na habari kama mbunge anakuja. Akamwambia mbunge usoni kwamba amekipigia kura chama chake maisha yake yote na hii ndiyo mara ya kwanza anamwona kiongozi kwenye matope yake. Nilimpenda hapohapo.

Lakini nilipoeleza habari ya kamera kwenye mapaa, Geoff akakunja uso. Kamera juu ya ghala langu, alisema, imwangalie nani? Leo mawingu, kesho inahesabu ng'ombe wangu.

Niliona mambo yanaharibika mara ya pili. Mbunge naye aliona, maana huyo ndiye mwenye kura pale, si mimi.

Mama Akinyi akamuuliza kwa utaratibu kabisa, "Geoff, mke wako alikuwa wapi siku ile?"

Mzee aligeuka. Akaangalia banda. Akasema alikuwa ndiyo kwanza ametoka humo ndani kufuata ndoo.

Mbunge alitazama chini.

Mwisho Geoff akasema kamera ikae, ila iangalie mbingu, isiangalie nyumba. Mbunge akasema hilo linaandikika.

Dakika ishirini zilikwisha zamani na msaidizi aliacha kuangalia saa. Tulirudi, mgeni akala wali na managu kwa kijiko, akaongezewa. Geoff naye akaja, akakaa meza kuu.

Kwenye kuaga nilingoja atoe tamko. Kwetu kiongozi angesimama, akasema naagiza kamera zifungwe mara moja, makofi, picha. Huyu alisema ataandika kwa waziri, ataonana na watu wa hali ya hewa, atalizungumza bungeni, na hawezi kuahidi matokeo. Akaomba barua moja yenye sahihi ya Geoff na ya Mama Akinyi pamoja.

Nilimwambia Harjit kwamba tumepoteza wali wetu. Harjit akasema, "Wewe umezoea wanaoahidi. Ngoja huyu ambaye hakuahidi."

Tukangoja. Nilishakata tamaa kabisa. Halafu siku moja Harjit akanipigia niende dukani, tukaangalia kwenye simu yake, tumesimama katikati ya makopo ya rangi. Mbunge yuko bungeni, ukumbi uko nusu tupu, anasema kuna mwanamke katika eneo lake aliyevunjwa mkono na kitu ambacho hakuna aliyekiona kinakuja, isipokuwa mzee mmoja getini, na mzee huyo hakusikika. Akasema nchi haiwezi kutegemea sauti ya mzee getini.

Nilitoka nje ya duka kidogo. Vumbi la saruji lile lina matatizo.

Mambo ya serikali yanaenda polepole, sitawadanganya. Waziri alijibu majibu ya waziri. Lakini watu wa hali ya hewa walikubali jaribio kwenye bonde letu, kamera chache tu. Moja ipo juu ya ghala la Geoff, inaangalia magharibi. Geoff mwenyewe huipandia ngazi kuifuta kioo.

Mama Akinyi alikuja kwanza Jumapili moja baada ya ibada, amevaa nguo za kanisani. Alisimama mlangoni mwa hema, hakuingia. Akauliza jicho linaangalia wapi, nikamwonyesha. Akaondoka. Sikumsukuma. Mara nyingine akaja na beseni.

Siku ya kujaribu ule ujumbe wa simu, sote tuliambiwa mapema kwamba ni mazoezi. Jua lilikuwa linawaka, wingu hata moja hakuna. Simu zikalia kwa pamoja, mlio mbaya kama mbuzi anayekabwa. Mimi niliizima yangu nikaendelea na mabomba.

Mama Akinyi alitoka kwenye hema. Alitembea bila kukimbia, beseni kwenye mkono mzima, akapita upenyo wa ua mpaka kwenye chumba cha matofali cha maziwa cha Geoff. Nilimfuata kumwambia ni mazoezi tu, anajisumbua. Nikakuta Geoff na mkewe wameshaingia, Geoff ameshika mlango anamngoja, na Mama Akinyi alipoingia, Geoff akanipungia na mimi niingie.

Tulisimama mle ndani sote wanne, jua linawaka nje, hakuna anayecheka. Mama Akinyi alihesabu kwa midomo dakika alizotumia kutoka hemani, akashusha pumzi.

"Inatosha," akasema. "Nafika."

Akarudi ndani ya hema, akamaliza mstari wake.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kiongozi akija kuona shida, muonyeshe shida. Usiifunike kitambaa, usiifagie, usiiweke ukurasa wa tano. Sisi tumefundishwa aibu ya kuonekana tumevunjika, na aibu hiyo ndiyo inafanya waondoke wakidhani tuko salama. Na mwenye jeraha ndiye aongee kwanza, wazee wa risala tukae pembeni. Nimesema mimi mwenyewe mzee wa risala.

Mlio mashambani huku, mnaochuma matunda kule Kent au mboga Lincolnshire, mwandikieni mbunge wa palepale mnapofanyia kazi, na mtafuteni jirani mwenye kura asaini nanyi.

Na mlioko nyumbani, yupo aliyewahi kuona mgeni rasmi akionyeshwa tatizo lenyewe, bila chokaa? Nataka kujua ilikuwaje. Waliokuja kunicheka kwa zile kokoto nao wakae, nafasi ipo.